Dakika Arobaini na Moja za Kimya

Jumanne, 3 Juni

Shemeji,

Simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe, kwa hiyo nimeamua kukuandikia barua pepe. Salamu utazichukua kwa kaka yako; mimi leo sina. Nimechefukwa tangu asubuhi na bado sijatulia.

Jana Kamati ya Malalamiko ilikaa kusikiliza kesi ya kiwanda cha ngozi. Unakijua chumba chetu cha ghorofa ya kwanza: madirisha manne, mawili hayafunguki na mawili hayafungiki, na kiwanda chenyewe kiko nyuma ya ukuta. Ukikaa humo saa moja, unarudi nyumbani nywele zinanuka ngozi mbichi na chokaa. Kaka yako hunipokea mlangoni na unga mikononi, ananinusa, kisha ananiambia nipite bafuni kwanza ndipo nisalimie watu.

Shahidi alikuwa mmoja tu, mjane wa yule mfanyakazi aliyefia kwenye shimo la chokaa mwezi wa pili. Mama wa watu hajawahi kusimama mbele ya meza yenye kitambaa. Alianza kwa sauti ya kuomba radhi, kisha sauti ikapata miguu, akasema dakika arobaini na moja bila kuulizwa swali. Nilipoinua macho nikamwona mwenyekiti wetu, yule nesi mstaafu aliyezoea kuona kila aina ya jeraha, ameziba mdomo kwa kiganja.

Leo asubuhi nimekaa ili niandike alichosema. Nafungua faili: dakika arobaini na moja na sekunde kumi na mbili. Nabonyeza, kimya. Nasogeza mbele, kimya. Ule mstari wa sauti ulionifundisha kuusoma umelala chini, hauna hata kinundu. Hakuna kikohozi, hakuna kiti kilichosogezwa. Hakuna hata nzi, na jana nzi walikuwa wengi kuliko wajumbe.

Utaniuliza kwa nini sikuvaa hedifoni. Nilizivaa. Katibu wetu Kijiti (tunamwita hivyo kwa sababu hautoi mdomoni ule mti wake wa kuchokolea meno hata akisoma ajenda) alinijia kabla hatujaanza, akaninong'oneza kuwa kukaa na hedifoni mbele ya mfiwa ni utovu wa adabu, na skrini niigeuzie ukutani ili mama asijione anapigwa picha. Nikazivua, nikafikiri ana utu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Leo nilipompelekea habari, alihamisha mti kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto, akasema, "Basi ushahidi haupo. Kisichorekodiwa hakijasemwa." Ndivyo kanuni zinavyosema kweli, lakini alizitamka kama mtu anayelamba kijiko.

Wewe ndiye uliyeitengeneza kompyuta hii, ukaiwekea mfumo wa Linux, ukaifungia kile kisanduku cha sauti kinachochomekwa kwa USB, kabla hujapata kazi kubwa huko uliko. Niambie nianzie wapi. Kamati inafunga milango ya ushahidi tarehe ishirini.

Shemeji yako,
Karani


Jumatano, 4 Juni

Shemeji,

Pole kwa harufu na pole kwa Kijiti. Sijui kipi kati ya hivyo kinaondoka kwa sabuni. Simu unisamehe. Huku kazini tunaziacha kwenye droo ya mlinzi asubuhi, tunazichukua tukitoka.

Usiiogope kompyuta. Sauti ikipotea, mara tisa kati ya kumi ni waya. Chomoa kisanduku, hesabu mpaka ishirini, kichomeke kwenye tundu jingine, la nyuma si la mbele. Badilisha waya kama unao wa akiba. Taa ya kijani ikiwaka, fungua ule ukurasa mweusi, andika alsamixer, uangalie kama chini ya zile nguzo za sauti kuna herufi MM. Maana yake zimefungwa mdomo. Bonyeza M, zitafunguka.

Kama yote hayo hayasaidii, basi kisanduku kimekufa, na maiti hapewi dawa. Omba ofisi inunue kipya. Najua ununuzi wenu unakwenda kwa mwendo wa konokono mgonjwa, lakini ndiyo njia iliyopo. Usijilaumu wala usijichoshe. Ushahidi si huo mmoja tu duniani.

Mpe kaka salamu. Mwambie mikate ya huku ni ya kuoshea vyombo.

Shemeji yako wa pekee,
Fundi


Alhamisi, 5 Juni

Shemeji,

Nimefanya yote uliyosema. Kulifikia tundu la nyuma nililala chali chini ya meza, mkono ukagusa kitu laini chenye ubichi, sikutaka kujua ni nini na mpaka sasa sitaki. Waya nimebadilisha. Taa ya kijani inawaka. Nguzo za sauti ziko wazi, hakuna MM hata moja. Ila nguzo ninazoziona ni za kompyuta yenyewe. Za kisanduku hazipo kabisa.

Nikakitia kisanduku mkobani, nikaenda nacho dukani kwa kaka yako. Kwenye kompyuta yake kilirekodi palepale, tena vizuri, mpaka mlio wa mlango wa oveni. Huyo maiti wako anaongea, shemeji. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye kompyuta ya ofisi.

Sasa nikurudi kidogo. Umeandika kwamba ushahidi si huo mmoja tu. Ni huo mmoja tu. Wanaume saba walikuwa uani siku ile, na wote saba bado wana kazi pale, na mdomo unaolishwa haufunguki. Mama huyu naye alikuwa akifanya kazi humohumo, anakwangua manyoya kwenye ngozi, hatua ishirini kutoka shimoni. Mumewe aliteremshwa kuzibua mfereji, bila kinga ya pumzi, akazidiwa. Waliitafuta kamba ya kumvutia. Kamba ilikuwepo, imetundikwa, imeanikiwa ngozi zilizokwisha kulainishwa. Msimamizi akasema isishushwe, ngozi zitachafuka, waende ghalani kuleta nyingine. Walipoileta hiyo ya ghalani, hapakuwa na wa kuishika.

Ukisha kusoma hapo, pumzika kama nilivyopumzika mimi.

Jana baada ya kazi nilikwenda kwake nimweleze kilichotokea kwenye kompyuta. Ana chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, vumbi la nafaka linaingia chini ya mlango. Buti za marehemu zimesimama karibu na kitanda, chokaa imezigandisha hazikunjiki. Akanipa maji, akaniuliza, "Karani, umeshaandika nilichosema?" Nikamwambia tunaandika. Nimesema uongo huku nimeshika kikombe chake. Nilipofika nyumbani kaka yako alininusa kama kawaida, akasema leo sinuki. Yeye hajui.

Niambie kinachofuata baada ya nguzo.

Karani


Jumamosi, 7 Juni

Shemeji,

Samahani kwa kuchelewa, wiki imenibana.

Kwa maelezo yako naona mfumo mzima umevurugika. Hutokea kompyuta ikizeeka. Hapo hakuna cha kutibu kipande kwa kipande. Dawa ni kuufuta wote na kuuweka upya. Usijaribu mwenyewe. Nitakuja mwisho wa mwezi nikufanyie, nusu siku tu. Mpaka wakati huo iache ilivyo, usiguse mafaili, maana unaweza kuharibu zaidi.

Najua tarehe ishirini itakuwa imepita. Lakini kamati ni kamati, zitakuja nyingine.

Habari ya kamba nimeisoma.

Fundi


Jumatatu, 9 Juni

Shemeji,

Sikukusikiliza, na safari hii utanisamehe, kwa sababu nimelipata.

Nilikumbuka lile daftari uliloniachia siku unaondoka, lenye jalada la bluu, uliloandika juu yake "Kabla hujaniita". Ukurasa wa nne unasema: uliza kwanza nani yuko mlangoni, halafu uliza nani yuko ndani. Nikaandika lsusb kama ulivyoelekeza, ambayo huorodhesha kila kilichochomekwa. Kisanduku kipo, kimetajwa mpaka namba yake. Kisha nikaandika arecord -l, ambayo hutaja kila mahali kompyuta inapoweza kurekodi. Kisanduku hakipo. Kilichopo ni lile tundu dogo la maikrofoni nyuma ya kompyuta, ambalo halijachomekwa kitu tangu tuipate. Ni mgeni ameandikwa getini, lakini sebuleni hakuna anayemjua. Kwa hiyo Jumatatu ile tulirekodi tundu tupu kwa dakika arobaini na moja, na tundu likatupa lilichokuwa nacho.

Ukurasa wa tano umeandika: kama yuko mlangoni na hayuko ndani, basi ile programu inayomwingiza, mnayoiita draiva, haikuamka; kaangalie kama kuna aliyeikataza. Ukataja na folda ya makatazo. Nikaenda. Kuna mafaili sita. Matano ni ya miaka ileile ulipoitengeneza kompyuta. La sita lina mstari mmoja tu:

blacklist snd_usb_audio

Maneno mawili, shemeji. Yanamwambia draiva wa kisanduku asiamke. Na tarehe ya faili ni Jumapili, 1 Juni, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Siku moja kabla ya mama kusema.

Sijaufuta huo mstari. Nimeuchapisha kwanza, na tarehe yake.

Kompyuta haiandiki makatazo peke yake. Nimemfikiria Kijiti, lakini Kijiti hawezi hata kuwasha printa. Huita mtu, kisha husimama nyuma yake akimpumulia shingoni. Kuna aliyemfanyia. Daftari lako, ukurasa wa tisa, linasema kuna amri inayotaja kila aliyeingia kwenye kompyuta, siku na saa, hata kama ameingia kwa mbali. Ofisi inafungwa sasa. Nitaiuliza kesho asubuhi.

Nimefurahi. Ulinifundisha vizuri.

Shemeji yako,
Karani


Jumatatu, 9 Juni, jioni

Shemeji,

Hongera, umeshalipata tatizo. Futa mstari huo, zima na uwashe kompyuta, sauti itarudi. Muite mama aseme tena, kazi imekwisha.

Nani aliandika haisaidii kitu. Usipoteze asubuhi yako kwa hilo. Kesho nitakupigia.

Fundi


Jumanne, 10 Juni

Fundi,

Umepiga mara nne. Sikupokea, na si kwa sababu ya droo ya mlinzi.

Amri ilijibu kwa sekunde moja. Jumapili, 1 Juni, mtumiaji "fundi", ameingia kwa mbali saa nne na dakika tisa, ametoka saa nne na dakika ishirini na moja. Dakika kumi na mbili. Wiki nzima hakuna mwingine aliyeingia isipokuwa mimi.

Jumapili hiyo ulimpigia kaka yako saa tano kumsalimia. Nilikuwa karibu, nilikusikia unacheka.

Nilikwenda chooni ofisini nikatapika. Choo chenyewe unakijua, na bado kilikuwa kisafi kuliko nilichokuwa nakifikiria.

Andika. Nataka kusoma kwa mkono wako.

Karani


Jumatano, 11 Juni

Shemeji,

Ni mimi.

Kijiti alinipigia Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ile. Hakusema neno baya hata moja. Alisema, "Jumatatu hatutahitaji sauti. Wewe ndiye unayejua kompyuta yako." Kisha akaniuliza kazi mpya inaendaje, na kama mabosi wangu wamenizoea. Barua iliyonipatia kazi hii aliiandika yeye, na bosi wangu ni rafiki yake. Hakuhitaji kunikumbusha, lakini alinikumbusha.

Nilisema moyoni, ni kikao kimoja. Nikasema labda wanajadili mambo ya ndani. Ninajua nilivyokuwa najidanganya, usinieleze. Waya nisingeweza kuchomoa, niko mbali. Kufunga sauti kwenye nguzo ningeweza, lakini ungegundua baada ya dakika mbili. Nikatafuta mahali ambapo hutatazama. Na nilipopapata, shemeji, nilifurahi. Nilifurahi kifundi, kama mtu aliyechonga kitasa kizuri. Hilo ndilo linalonichefua kuliko yote, kile kifuraha.

Sikujua ni mjane. Sikujua habari ya kamba.

Nakuomba kitu kimoja. Mwambie mwenyekiti ilikuwa hitilafu ya kompyuta. Sauti imerudi, mama atasema tena, haki itapatikana, na hakuna atakayeumia. Kaka asijue. Ya nyumbani yabaki nyumbani.

Mdogo wenu


Alhamisi, 12 Juni

Fundi,

Jumapili hukujua. Nakubali. Jumanne nilikuandikia kwamba ni mjane. Jumatano ukanijibu habari ya waya na mikate. Alhamisi nilikuandikia habari ya kamba. Jumamosi ukaniambia nisubiri mwisho wa mwezi uje ufute mfumo mzima. Ulisoma mtu ameachwa shimoni ili ngozi zisichafuke, ukakaa siku mbili, ukatafuta njia nzuri zaidi ya kumfukia. Unasema kinachokuchefua ni kifuraha cha Jumapili. Mimi kinachonichefua ni barua yako ya Jumamosi. Ninayo hapa. Imeandikwa bila kosa hata moja la tahajia.

Na ulinifanya nilale chini ya ile meza.

Kaka yako anajua. Nilimwambia jana akiwa anakanda. Alilitazama donge zima la unga mbele yake, akalibeba, akalitupa kwenye ndoo ya takataka, akanawa, akakaa kwenye gunia. Miaka kumi na minne sijamwona akitupa unga.

Mwenyekiti naye anajua. Nimempa karatasi zote mbili, ya mstari na ya majina. Alizisoma mara mbili, akaniuliza, "Huyu fundi si ndugu yenu?" Nikasema ni yeye. Akaniambia nikae, akafunga mlango, akasema atanilinda kadiri atakavyoweza, lakini ushahidi lazima urudiwe kabla ya tarehe ishirini, na kumrudisha yule mama ni kazi yangu.

Kwa hiyo jana jioni nilirudi nyuma ya mashine ya kusaga. Safari hii nilisema kweli yote, na ule uongo wangu wa kikombe pia. Alinisikiliza huku anapepeta nafaka. Nikamwomba aseme tena. Akasema, "Karani, mimi yale niliyatapika. Wewe unaniambia niyale tena, kisha niyatapike upya?"

Nikainuka niondoke. Nikiwa mlangoni akaniuliza aliyezima ni nani. Nikamwambia ni mdogo wa mume wangu, ni fundi, nilimlisha mwenyewe mwaka mzima alipokuwa anajifunza kazi. Ungo ukasimama, akasema, "Nitasema tena. Ila yeye aje akae mbele yangu asikie. Si kwenye mashine. Kwa masikio yake."

Hilo ndilo sharti lake. Hakuna jingine. Hakutaja polisi, hakutaja fidia. Usinitumie maelezo ya maandishi, hajayataka. Anataka masikio yako.

Nilitaka kukuita kila jina ninalolijua. Nimejizuia kwa ajili ya mtu aliyelala chumba cha pili, ambaye bado hajaamua akuite nani.

Karani


Jumanne, 17 Juni

Fundi,

Siku tano bila neno. Sawa.

Kikao ni keshokutwa, Alhamisi, saa tisa alasiri. Mwenyekiti ameagiza viti viwili vitazamane, hatua moja na nusu kati yake. Cha kushoto ni cha mama. Cha kulia kitabaki pale hata kama ni kitupu, na nitarekodi utupu wake. Kazi hiyo nimeshaizoea.

Mstari nimeufuta baada ya mwenyekiti kuweka sahihi kwenye nakala. Akaunti yako nimeifunga. Kisanduku kinafanya kazi.

Karani


Ijumaa, 20 Juni

Shemeji,

Naandika nikiwa stendi, nasubiri gari la saa sita. Jana niliwaona mkinitazama nikiondoka, wewe na kaka. Kaka alikuja mpaka chini ya ngazi, amevaa shati lake la duka. Nilitamani anipige. Alinifunga kifungo cha kola kilichokuwa wazi, akarudi zake. Kama hakukuambia, ndivyo ilivyokuwa.

Ulinikuta nimefika saa nane na nusu, ukanipita ukaenda kupanga waya zako. Ulifanya vizuri. Sikuwa na la kukuambia mbele ya zile waya.

Nimesoma barua yako yenye habari ya kamba mara nyingi, nilidhani naijua. Siijui. Kwenye barua hapakuwa na alivyokuwa akifungua na kufunga mkono wake wa kulia kila alipofika kwenye kamba, kama bado anajaribu kuifikia. Hapakuwa na kwamba mumewe aliita mara tatu, mara ya kwanza kwa jina la msimamizi, ya pili kwa jina la mama huyu mwenyewe, na ya tatu hakuita jina la mtu. Hayo hakuyasema mara ya kwanza, sivyo? Nilimwona mwenyekiti alivyogeuka. Aliyasema kwa sababu nilikuwa pale, hatua moja na nusu. Hakunitolea macho hata kidogo. Alinitazama hapa, kifuani, kama anaangalia mahali pa kuweka mzigo. Na ile harufu ya nyuma ya ukuta ikawa inaingia tu. Nilikuwa nimeisahau. Zamani nilikuwa nawatania kwa ajili yake.

Zamu yangu ilipofika nilisema. Ulikuwa unanisikia kwenye hedifoni kuliko nilivyojisikia mwenyewe, kwa hiyo sirudii. Kijiti alipoinuka kusema aliniomba "matengenezo ya kawaida", nilimtazama mdomoni, ule mti ukizunguka, nikamwona mchafu. Kisha nikakumbuka kwamba sauti yake na barua zangu za Jumatano na Jumamosi ni kitu kimoja. Zote ni laini.

Nataka ujue kilichotokea nje, maana hukuwepo. Mama alinikuta kwenye korido, karibu na ndoo za usafi. Nikafikiri sasa atasema. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, nilikuwa hata naisubiri. Akaniuliza neno moja tu: "Imeingia?"

Nikamwambia, "Imeingia yote, mama."

Akaniuliza, "Umesikia mwenyewe?"

Nikasema nimesikia. Akasema, "Basi," akashika ukuta, akateremka ngazi.

Nimesimamishwa kazi. Bosi wangu, yule rafiki wa Kijiti, hakungoja hata nifike. Ujumbe ulinikuta stendi. Sikulalamikii. Nakueleza tu ili usisikie kwa watu.

Sijui niweke nini hapa chini.

Fundi


Jumapili, 22 Juni

Fundi,

Nimepata yako. Nitakupa habari, kwa sababu unastahili kuzijua, si kwa sababu moyo umetulia. Haujatulia.

Kamati imepeleka maandishi kwa mwendesha mashtaka. Shimo limefungwa kwa amri, na jana wanaume wawili kati ya wale saba walikuja mlangoni kwangu kuuliza kama milango ya kamati imefungwa kabisa au kama mtu anaweza bado kusema. Nimewapeleka kwa mwenyekiti. Kijiti ameambiwa akabidhi funguo na akae nyumbani mpaka aitwe. Wakati anatoka alipita kwenye meza zote akatushika mikono, mmoja mmoja, akitutakia kazi njema. Niliosha mkono mara tatu, kisha nikautia kwenye unga wa kaka yako mpaka kiwiko.

Hapana, ile habari ya kuita mara tatu hakuisema mara ya kwanza. Umesikia kweli.

Ijumaa na jana nilikuwa naandika kutoka kwenye sauti. Ushahidi wa mama ni dakika hamsini na tatu. Kisanduku kimechukua kila kitu, mpaka nzi, mpaka mkono wake ukifunguka na kufungwa juu ya kitambaa. Wako ni dakika tisa. Nilidhani nitaumaliza upesi nikaoge. Nilikaa nao asubuhi nzima. Kwenye hedifoni mtu huwa ndani ya kichwa chako, shemeji, hana pa kwenda na wewe huna pa kumkwepea. Umesema "nilizima" mara nne. Mara ya tano ukasita, sekunde sita, nimezihesabu, ukasema "nilimnyamazisha". Nimeyaandika yote kama yalivyo na sekunde zake.

Kaka yako ameniuliza kama nikuandikie uje ule nasi Jumapili ijayo. Nimemwambia bado. Nikikufikiria mezani, naona ile barua ya Jumamosi, na chakula kinakataa kushuka. Sijui kitaanza lini kushuka. Sitakudanganya kwamba najua.

Mwisho wa maandishi ya ushahidi wako kuna fomu ya shahidi, na fomu ina mstari unaouliza kama shahidi ana uhusiano wowote na mtumishi wa kamati. Mwenyekiti alisema naweza kumwachia yeye aujaze. Nilikataa. Nilikaa mbele ya huo mstari muda mrefu kuliko nilivyokaa mbele ya dakika zako tisa. Kisha nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa ili isomeke: NDIYO. NI SHEMEJI WA KARANI.

Mke wa kaka yako